Safari ya kisu: Kutoka ufuo wa Nyayanga hadi jikoni mwako

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hii, mpenzi msomaji, bila shaka umeisikia shuleni, harusini na hata kwenye majukwaa ya wanasiasa. Lakini je, umewahi kukitazama kisu chenyewe, hicho kilicho jikoni mwako sasa hivi, ukajiuliza kilianzia wapi?

Mimi, nikiri mapema, sikuwa nimejiuliza. Niliulizwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mnoa visu, yule bwana apitaye mitaani na baiskeli yake, alikuwa amesimama nje ya lango letu. Aliisimamisha baiskeli kwa stendi, akaanza kukanyaga pedeli, jiwe la kunolea likazunguka na cheche zikaruka. Watoto wa ploti nzima walikuwa wamemzingira. Miongoni mwao alikuwa mpwa wangu wa gredi ya tano, ameshika kisu cha mamake, akingoja zamu.

Jioni kijana huyo aliniletea daftari lake. Walikuwa wamepewa orodha ya vitu vya nyumbani, waandike kila kimoja kilitoka wapi. Redio: ng'ambo. Pasi: ng'ambo. Saa ya ukutani: ng'ambo. Kisu: ng'ambo. Kote alikuwa amepata vema.

"Mjomba," akaniuliza, "kabla kisu hakijaletwa, watu wa huku walikuwa wakikata nyama kwa nini?"

"Kwa meno," nikamjibu kwa mzaha. Alicheka, lakini hakuridhika. Na mimi, msomaji, baada ya taa kuzimwa nilijiona mtu mzima aliyemdanganya mtoto kwa sababu hakuwa na jibu. Wiki mbili baadaye nilikuwa ndani ya basi la usiku, nikipitia Narok na Kisii, nikielekea Homa Bay. Huko, nilikuwa nimesoma, ndiko jibu lilikofukuliwa.

ASUBUHI ZIWANI

Homa Bay hukupokea kwa harufu ya samaki na sauti za injini za mashua. Palipopambazuka nilikuwa nimeshafika pale wavuvi wanaposhusha mbuta, ngege na omena. Mama mmoja aliyekuwa ameketi juu ya kreti alikuwa akipasua mbuta mkubwa kuliko mtoto wa miaka mitatu. Kisu chake kilikuwa kipana na cheusi, na mpini wake ulizungushiwa ukanda wa mpira wa tairi.

"Kisu hiki umekinunua wapi, mama?" nikamuuliza.

"Kwa mafundi wa jua kali," akanijibu bila kuinua macho. "Kilikuwa springi ya lori. Hiki, mwanangu, kimekata samaki wengi kuliko uliowahi kula."

Aliniambia kwa Kijaluo kisu huitwa pala. Kisha akanionyesha ng'ambo ya maji Mlima Homa, volkeno iliyozimika zamani, unaosimama juu ya rasi iliyoingia ziwani. Huko ndiko nilikokuwa nikienda.

Kufika si kazi ngumu. Unachukua matatu kwenye barabara iendayo Kendu Bay, kisha unamalizia kwa bodaboda upande wa magharibi wa rasi. Njia ni ya vumbi, kuna mashamba ya mahindi na mtama, na punda waliobeba mitungi ya maji. Halafu ardhi inakatika ghafla. Mbele yako kuna makorongo mekundu yaliyochimbwa na mvua, na chini yake ufuo wa ziwa. Hapo ndipo Nyayanga.

Ukipita bila kuambiwa, utaona mmomonyoko wa udongo tu. Watafiti nao wangeweza kupita vivyo hivyo. Walikuwa wakichimba kwingine katika rasi hiyo, na ni mwenyeji mmoja aliyekuwa akifanya kazi nao ndiye aliyewashauri waje watazame mifupa na mawe yaliyokuwa yakitokeza hapa baada ya mvua. Kuanzia mwaka wa 2015 walichimba, kundi la Makavazi ya Kitaifa ya Kenya likishirikiana na wataalamu wa kutoka Marekani na kwingineko, akiwemo Thomas Plummer wa Queens College, New York. Februari 2023 walitangaza matokeo katika jarida la Science, na dunia ikashtuka.

Walikuwa wamepata zana za mawe 330, vipande 1,776 vya mifupa ya wanyama, na magego mawili ya kiumbe aliyetembea kwa miguu miwili. Umri wake? Kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Nakuomba, msomaji, usiipite tarakimu hiyo haraka. Ukiamua kuhesabu miaka hiyo mmoja mmoja, kila sekunde mwaka, usiku na mchana bila kulala, utahesabu kwa zaidi ya mwezi mzima.

JIWE LA KUKATIA

Zana zenyewe si za kutisha. Ni za aina iitwayo Oldowan, jina lililotokana na bonde la Olduvai nchini Tanzania. Fundi alihitaji mawe mawili tu. Moja, gumu na la mviringo, lilikuwa nyundo. La pili lilikuwa jiwe mama. Ukilipiga jiwe mama ukingoni, kwa pembe inayofaa na kwa nguvu ya kiasi, hupasuka kibanzi chembamba chenye makali. Kibanzi hicho ndicho kisu. Makali yakiisha, unakitupa na kupasua kingine.

Na hicho kibanzi kilikata kweli. Pale Nyayanga ilipatikana mifupa ya viboko wasiopungua watatu, na miongoni mwake ubavu wenye alama ya kukatwa. Mifupa ya paa nayo ilikuwa imepasuliwa ili kutolewa uboho. Uchunguzi wa zana zenyewe ulionyesha pia kwamba zilitumiwa kukata, kukwangua na kuponda mimea. Kwa hivyo si kisu pekee kilichokuwepo. Kinu na mchi, ndugu zake wa jikoni, walikuwa tayari wamezaliwa. Kilichokosekana ni jiko, kwa maana hakuna dalili ya moto uliowashwa makusudi katika enzi hiyo. Wapenzi wa nyama choma watavumilia: nyama ya kiboko ililiwa mbichi, na huenda ililainishwa kwanza kwa kupondwa.

Sasa lisikilize jambo lililonigusa zaidi. Mawe mengi yaliyo karibu na Nyayanga ni laini. Ukiyapiga yanavunjikavunjika, na makali yake hayadumu. Agosti 2025 watafiti hao, safari hii wakiongozwa na Emma Finestone, walieleza kwamba sehemu kubwa ya zana zile zilitokana na mawe magumu yaliyobebwa kutoka mahali palipo hadi kilomita 13. Kilomita 13! Huo ni mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye viatu na njia nzuri. Kiumbe yule hakuwa na viatu wala njia, na fisi na simba walikuwa wakimwona. Ina maana alijua jiwe lipi linafaa, akakumbuka lilipo, akalibeba akiwaza kazi ambayo bado hajaifikia.

Ukienda sokoni Gikomba kutafuta kisu kizuri, msomaji, ukaacha vile vya karibu vinavyopinda, unafanya hesabu ile ile.

ZAWADI NILIYOIKATAA

Nikiwa nimesimama kwenye korongo, alinijia mvulana wa miaka kumi hivi aliyekuwa akichunga mbuzi. Aliona daftari mkononi mwangu.

"Mwalimu," akaniita, "unatafuta mawe?"

Kabla sijajibu alikuwa amefungua kiganja. Palikuwa na kibanzi cha rangi ya kijivu, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, ukingo mmoja mwembamba. Aliniwekea mkononi. Nilipitisha kidole polepole kwenye ukingo ule, nikajua ungekata.

Sikujua, wala sijui hadi leo, kama lilikuwa zana ya kale au jiwe lililopasuliwa na kwato za ng'ombe juzi. Lakini nikwambie ukweli, nililitamani. Nilimwona mpwa wangu akilipeleka darasani, akaliweka juu ya meza karibu na daftari lake na kusema, "Mwalimu, hiki hapa kisu cha huku." Mfuko wa koti ulikuwa wazi. Nani angeniona?

Kilichonizuia ni kisa kilichotokea kilomita chache kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Mwaka wa 1932 mtafiti Louis Leakey alikuja katika rasi hii ya Homa. Kule Kanam, mfanyakazi wake aitwaye Juma Gitau akafukua kipande cha taya, na kule Kanjera vikapatikana vipande vya mafuvu. Leakey aliamini ni mabaki ya kale mno ya mwanadamu kama sisi, akayatangaza Uingereza kwa shangwe. Mahali pa kupatikana alikuwa ameweka vigingi vya chuma.

Wakubwa wa sayansi wakatia shaka. Mwanzoni mwa 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Percy Boswell, akasafiri kutoka London ili aonyeshwe mahali penyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha. Mvua ilikuwa imebadilisha makorongo, na vigingi havikuwepo. Inasimuliwa kwamba wenyeji walikuwa wamevichukua wakavitengenezea zana za kuvulia samaki. Sidhani ni haki kuwalaumu. Mtu anayehitaji chuma, akakiona kimesimama porini bila kazi, ataona zawadi. Lakini Boswell alirudi akaandika kwamba hakuna ushahidi wa kutegemewa, na jina la Leakey likapata doa lililochukua miaka mingi kufutika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jiwe la Nyayanga lina thamani kwa sababu ya udongo uliolilalia, majivu ya volkeno yaliyo chini yake, na mfupa uliokuwa kando yake. Likitoka hapo likaingia mfukoni mwangu, linakuwa jiwe tu, na mimi nitakuwa nimewanyang'anya watoto wote jibu ili nimpe mmoja kitu cha kuchezea. Tena sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu makavazi na turathi za kitaifa hairuhusu mtu kuondoa vitu vya kale bila kibali.

"Lirudishe pale pale ulipolitoa," nilimwambia. Alinitazama kama mtu aliyekataa chakula. Nilimfuata hadi chini ya ukingo, akaniwekea lile jiwe kwenye alama lililokuwa limeacha mchangani. Sina hakika kama halikuingia mfuko wa mgeni mwingine baada yangu.

KUELEKEA MIGORI

Kutoka Nyayanga hadi kisu cha yule mama wa samaki ni safari ya miaka karibu milioni tatu. Sehemu mbili za katikati ya safari hiyo ziko Migori. Ukitoka Homa Bay unapitia Rodi Kopany, Mirogi na Ndhiwa, kisha unavuka mpaka wa kaunti. Zamani zote mbili zilikuwa sehemu moja ya Nyanza Kusini, na wakazi bado wanatembeleana kama watu wa boma moja.

Kwenye mto Kuja, ambao wakazi wa Kisii huuita Gucha, kuna maporomoko ya Gogo. Wengi huyajua kwa bwawa la umeme lililojengwa miaka ya 1950 kuhudumia mgodi wa shaba wa Macalder. Wanaakiolojia huyajua kwa jambo lingine. Yapata miaka 2,000 iliyopita waliishi hapa wafugaji na wavuvi waliotumia visu vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama chupa. Likipasuliwa vizuri, ukingo wake huwa mwembamba kuliko wembe. Ajabu ni kwamba obsidiani hiyo haipatikani Migori. Ilitoka eneo la Naivasha, umbali wa zaidi ya kilomita 150, ikapita mkono hadi mkono kuvuka Bonde la Ufa na nyanda za juu.

Kutoka hapo si mbali hadi Thimlich Ohinga. Kuta zake zimejengwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kuunganisha, zikafikia hadi mita 4 na zaidi kwa urefu. Inaaminika zilianza kujengwa karne ya 16, na jamii mbalimbali zikapokezana kukaa humo. Mwaka wa 2018 Unesco iliziweka katika orodha ya Turathi za Dunia. Ingia kupitia mlango wa boma la Kochieng. Itakubidi uiname, maana uliachwa mfupi makusudi ili adui aingie kichwa kwanza.

Kiongozi wetu alituonyesha mawe ya kusagia nafaka na mashimo ya ajua, mchezo ambao Pwani huitwa bao. Kisha akatupeleka nje ya ukuta, mahali palipokuwa pa kufulia chuma. Nilisimama pale nikawaza mivukuto ikipumua na makaa yakiwaka. Hapa jiwe la kukatia lilikuwa limempisha chuma. Mhunzi alilainisha chuma kwa moto, akakipiga kikawa jembe, mkuki au pala. Na kisu hiki kilikuwa na sifa ambayo kile cha Nyayanga hakikuwa nayo: kikiisha makali, hukitupi. Unakinoa.

Visu vya kiwandani vilikuja baadaye. Chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa kwenye visu vya dukani, kilianza kutengenezwa mwaka wa 1913 na Harry Brearley katika mji wa Sheffield, Uingereza. Bidhaa za viwandani ziliuzwa rahisi, na wahunzi wengi wakazima mioto yao. Lakini ufundi haukufa. Uliingia mjini, ukakaa juani, ukaitwa jua kali. Yule anayepasha springi ya lori mpaka iwe nyekundu, akaipiga hadi iwe kisu cha kupasulia mbuta, ni mrithi wa mhunzi wa Thimlich, na chuma anakitoa mbali vile vile.

NANI MWENYE KISU?

Usije ukapiga kifua mapema, msomaji, ukasema basi kisu ni chetu. Zana za miaka milioni 2.6 zimepatikana Ethiopia pia, na kule Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimepatikana za aina nyingine zilizo kubwa zaidi, zenye miaka milioni 3.3.

Isitoshe, yale magego mawili ya Nyayanga si ya babu zetu. Ni ya Paranthropus, kiumbe wa ukoo jirani na wetu, mwenye taya pana, ambaye kizazi chake kilikwisha kabisa. Kama ndiye aliyezitengeneza zana zile, au alizikuta tu pamoja na nyama, wataalamu bado wanajadiliana. Huenda basi kisu cha kwanza kilishikwa na mkono ambao haukuacha mjukuu. Hakuna kabila wala taifa linaloweza kukidai. Sote tulikipokea.

Nilirudi Nairobi Jumapili jioni. Mpwa wangu alinikuta nikifungua mkoba, akachungulia ndani. Hakuona jiwe, na uso ukamwanguka.

"Hukuniletea kitu, mjomba?"

Nikamketisha nikamsimulia kama nilivyokusimulia wewe, hadi kile kibanzi nilichokirudisha. Alinyamaza, kisha akaleta daftari lake na kifutio. Nilimzuia asifute. Kisu cha mamake, nilimwambia, kimeandikwa jina la kiwanda cha ng'ambo, kwa hivyo mwalimu hakukosea. Ongeza tu chini yake.

Alifikiri kidogo, akaandika: "Kisu hiki kilitoka ng'ambo. Lakini Homa Bay kulikuwa na kisu cha jiwe zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na jiwe lake lilibebwa kilomita 13."

Kama likizo hii unapanga kuitoa familia nje ya mji, fikiria upande huo. Thimlich Ohinga iko chini ya Makavazi ya Kitaifa na kiongozi utampata hapo. Rasi ya Homa haina mbwembwe, kwa hivyo tafuta mwenyeji wa kukuongoza, beba maji na kofia, vaa viatu vya kupanda korongo. Angalia utakavyo, piga picha utakazo, ila mawe uyaache yalipo.

Na Jumamosi ijayo mnoa visu akipita mtaani kwenu, mpelekee kisu na mpeleke na mtoto. Mwonyeshe kile kinachozunguka na kutoa cheche. Ni jiwe.